Mtu Mmoja Alifariki

Tangu mwezi uliopita meza yangu ya magazeti pale Kitengela, kando ya barabara ya Namanga, ina mwenyewe mwingine. Ninyi mnaoendelea na kazi hiyo mliniomba niandike machache kabla sijayasahau. Mimi nilisoma mpaka darasa la saba, na kuandika hakukuwa kazi yangu. Kazi yangu ilikuwa kuuza yaliyoandikwa na wengine. Nitaandika kama ninavyozungumza. Habari za nani alipewa uwakala na nani alinyang'anywa sitazigusa, maana hizo mnazijua kunishinda, na mnazipenda kuliko inavyofaa.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kitengela ilikuwa mistari miwili ya maduka, na nyuma ya maduka ni nyasi mpaka macho yachoke. Aliyenifundisha kazi ni Mzee Karanja. Alikuwa ameuza magazeti Nairobi mpaka miguu yake ikakataa, akahamia kwetu kutafuta, kama alivyosema mwenyewe, mahali ambapo habari zinafika zikiwa zimepoa kidogo. Siku hizo gari la magazeti lilipita alfajiri na halikusimama. Kijana wa nyuma alitupa furushi, na usipoliwahi, lori linalofuata linapita juu ya taifa zima. Siku yangu ya kwanza nilikimbia, nikalivuta, kamba ya plastiki ikanikata kidole, nikapaka damu kwenye picha ya waziri. Nikaanza kulia. Mzee Karanja akaichukua ile nakala akaitazama upande huu na upande ule.

"Hii uza kwanza," akasema. "Watafikiri ni rangi."

Alinifundisha mambo ambayo hayana shule. Upepo wa Kitengela unatoka uwandani bila kizuizi, kwa hiyo kila safu ya magazeti ina jiwe lake, na jiwe lazima liwe bapa na lioshwe, la sivyo vumbi linakula wino na mteja anasoma kichwa cha habari nusu. Usijipanguse uso ukiwa kazini. Nilifanya hivyo wiki ya kwanza, nikarudi nyumbani na masharubu, na mume wangu akaniamkia kama mzee. Usile mkate kabla hujanawa kwa sabuni ya kipande. Kurasa za ndani ingiza mwenyewe, usimwachie mtu, kwa sababu mteja akikosa ukurasa wa michezo hatakumbuka kwamba ulimsalimu vizuri.

Kisha kulikuwa na wasomaji wa kusimama. Mnawajua. Mtu hana uwezo wa kununua gazeti, anakupa kitu kidogo, anasoma akiwa amesimama, analirudisha, na jioni linarudishwa kwa kampuni ya magazeti pamoja na yale yasiyouzika. Kampuni ilikuwa inakataza jambo hilo, na kila mwuzaji wa barabara ile alikuwa analifanya. Sheria ya Mzee Karanja ilikuwa kwamba msomaji wa kusimama halambi kidole, hakunji ukurasa, na hagusi kalamu. Tulikuwa na mwalimu mmoja aliyejaza mafumbo ya maneno kwa ukucha. Ukiinua ukurasa dhidi ya jua unaona majibu yake yote, na nawahakikishia mengi yalikuwa makosa.

Lakini fundisho lake kubwa lilikuwa la vioja. Kabla ya jua kutoka alikuwa anafungua kurasa za ndani, anapita siasa bila kuzitazama, anatafuta ile habari ndogo iliyosukumwa pembeni. Jogoo aliyewekwa kituo cha polisi kama ushahidi, akawaamsha mahabusu kila alfajiri mpaka wakaomba kesi iharakishwe. Mwizi aliyeingia nyumba ya watu, akaona kitanda kizuri, akalala. Mtu aliyerudi nyumbani kutoka safarini akakuta anaombolezwa, akaketi akala pilau ya matanga yake kwa sababu alikuwa na njaa. Hiyo ndiyo habari ya kuita kwa sauti. Siasa watu wanainunua wakiwa wamekunja uso. Kioja kinamsimamisha mtu hata kama amechelewa, anageuka kumwambia asiyemjua, "Umesikia hii?", na wakishaanza kubishana, meza yako imekuwa baraza.

Fundisho la mwisho lilikuwa la ukurasa wa vifo. Utamjua mtu aliyekuja kununua gazeti lenye marehemu wake. Hasomi kichwa cha habari. Anafungua katikati moja kwa moja, anasimama, halafu anaomba nakala kadhaa. Huyo usimpigie kelele za biashara, usimwulize kitu. Mpe magazeti yasiyokunjika, na kama kuna upepo, mshikie ukurasa. Nimewashikia watu wengi. Nilikuwa nikiona picha zile, mtu amevaa tai, majina yake matatu yameandikwa kwa herufi nzito, na chini yake watoto na wajukuu wote, hata walioko ng'ambo. Niliwaza kwamba ni jambo zuri mtu kuondoka jina lake likiwa limesomwa na nchi. Tangazo la namna hiyo si la watu kama sisi, lakini kuwaza ni bure.

Mume wangu aliitwa Ndirangu wa Gitau. Alikuwa fundi wa seng'enge. Watu walipoanza kununua ploti na mashamba kule uwandani, walimwita yeye achimbe mashimo, asimamishe nguzo, avute waya mpaka ulie. Mikono yake ilikuwa na makovu membamba kama mistari ya daftari. Yeye mwenyewe hakuwa na shamba la kuzungushia hata kamba. Tulikuwa na chumba na mtoto wetu Wambui.

Mwaka wa ule ukame mkubwa, mnaoukumbuka mnaukumbuka, ng'ombe walikuwa wanaanguka wakiwa wanatembea. Njia ya zamani ya kwenda majini ilipita katikati ya mashamba yaliyouzwa, na shamba moja likaamriwa lifungwe. Mwenye shamba alikuwa akiishi Embulbul, mbali na vumbi. Aliyekuwa pale ni mume wangu na koleo yake ya waya. Asubuhi moja vijana wa wafugaji wakaja kuung'oa ule ua, na mbele yao alikuwa mtu mmoja mrefu aliyeitwa Parmuat, ambaye ng'ombe wake wengi walikuwa wamekwisha. Vijana wa upande wa mashamba nao wakatoka. Mawe yakaruka kutoka pande zote. Jiwe moja lilimpata Ndirangu. Hakuna aliyejua lilitoka mkono wa nani, na mpaka leo hakuna anayejua. Parmuat alikaa ndani kwa muda, kesi ikakosa mashahidi, akatoka.

Habari ilitoka gazetini siku iliyofuata kuzikwa kwake, ukurasa wa tano, chini ya tangazo la sabuni. Ilisema ua wa urefu fulani uling'olewa na ng'ombe kadhaa walikamatwa, na mwisho kabisa ilisema: mtu mmoja alifariki. Niliisoma nikiwa nimesimama, kama wale wasomaji wangu. Nikatafuta jina kwenye ukurasa uliofuata, labda limekatwa likaendelezwa huko, kama wanavyofanya mara nyingine. Halikuwapo.

Nilirudi mezani baada ya matanga. Njoki, anayepika chapati na chai hapo kando yangu, alinipangia mawe. Ninamshukuru kwa hilo. Mzee Karanja naye alikuwa amekwisha kufa, kwa ugonjwa wa kifua, kwa hiyo vioja nikawa navitafuta peke yangu. Niliviita kwa sauti ileile. Watu walicheka, nami nikafurahi walivyocheka. Ya Ndirangu nilikaa nayo ndani. Hakuna mteja anayekuja barabarani kununua huzuni ya mwuzaji, na mimi sikuwa mtu wa kuitoa.

Mvua zilirudi. Tukaanza kusikia kwamba Parmuat anazunguka nyumba kwa nyumba. Kwanza watu walifunga milango. Alikuwa anakaa nje ya lango la mwenye shamba mpaka mtu atoke. Alikwenda Embulbul, akaenda Rongai kwa waliokuwa na mashamba huku lakini wanalala kule. Alisema neno moja tu: kila mtu aache ukanda wa njia, ng'ombe wapite wakati wa kiangazi, na yeye atasimama pale vijana wake wasiguse waya. Ilichukua miaka. Njia ikapatikana. Ukame mwingine ulikuja na hakuna jiwe lililoruka. Hilo ni kweli na sitalipunguza.

Mtu aliyemleta mezani kwangu ni Hassan, mfanyabiashara wa mbuzi. Watu wake wanatoka kaskazini mashariki, lakini yeye mwenyewe amekuwa Kitengela muda mrefu hata anagombana kwa Kikuyu. Siku ya soko alikuwa anapitia kwangu kusikia kioja kabla ya kwenda kwa mbuzi wake. Siku moja akaja na yule mtu mrefu.

"Mama Wambui," akasema, bila mzaha wake wa kawaida, "huyu mzee hajui kusoma. Anataka kusomewa gazeti. Ukisema hapana, nitamwelewesha."

Nilimtambua. Naye aliona nimemtambua. Akanisalimu kama wanavyosalimu wanawake kwao, "Takwenya," nami nikaitika "Iko," kwa sababu kinywa kina mazoea yake. Sitasema nilimsamehe. Nilikuwa na meza barabarani, na barabara ni ya kila mtu. Nikamgeuzia kreti ya soda akakaa.

Tangu hapo alikuja kila siku ya soko. Siasa hakuzitaka. Alitaka vioja. Na hakuwahi kucheka hata mara moja, alikuwa anavichunguza kama kesi. Nakumbuka siku ya ng'ombe aliyemeza simu ya mkononi, wakati simu ndiyo kwanza zimeenea. Habari ilisema simu iliita tumboni na mwenyewe akakimbia akidhani ni mapepo. Hassan alikuwa amejishika mbavu.

"Ng'ombe wa rangi gani?" Mzee Parmuat akauliza.

"Hawajaandika, mzee."

"Wa nani?"

"Wa mtu fulani huko Magharibi."

"Na jina la huyo ng'ombe?"

"Mzee," Hassan akasema, "ng'ombe hana jina kwa gazeti!"

"Sasa hiyo ni habari gani? Mtu ameenda mpaka huko, ameona ng'ombe, hajauliza jina yake." Akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Na huyo aliyepiga, aliongea na nani?"

Hapo hata Njoki aliacha chapati ikaungua.

Nami nilicheka. Lakini jioni, nikifunga magazeti kwa kamba, maneno yale yalinirudia vibaya. Mtu huyu anauliza jina la ng'ombe ambaye hajawahi kumwona. Mume wangu alikufa mbele yake, na katika miaka yote aliyokaa kwenye kreti yangu hakuwahi kulitaja jina lake. Akinijulia hali alisema, "Watoto wazima?" Akisikia Wambui amejifungua, alileta maziwa. Siku moja tu alitamka "baba ya Wambui," akanyamaza upesi kama aliyekanyaga mwiba. Niliamini kwamba hakulijua. Niliamini hakuwahi hata kuliuliza, kwamba kwake pia Ndirangu alikuwa mtu mmoja. Hilo ndilo lililoniuma, kuliko jiwe lenyewe. Na sikumwambia.

Kisha ikaja tuzo. Tuliisikia kwanza redioni, kwamba shirika moja la nje limempa Mzee Parmuat tuzo ya amani, na atakabidhiwa Kajiado mbele ya wakubwa. Asubuhi ya gazeti lenye picha yake ukurasa wa mbele sikuhitaji kuita. Watu walijaa mpaka mawe yangu yakakosa kazi, magazeti yalikuwa yameshikwa na viwiko.

"Wallahi nimesoma vioja kwa hii meza," Hassan akasema, "lakini hiki kimewekwa ukurasa wa mbele kwa makosa."

"Si kioja, ni tusi," akasema Bwana Muriuki, mwenye duka la saruji na mabati, ambaye ua wake nao uling'olewa mwaka ule. "Mimi nilijenga upya mara mbili. Nani alinipa tuzo? Mtu anawasha moto, akichoka anauzima, anapigiwa makofi."

"Alizima nini?" Kijana mmoja mfugaji, mwenye shuka na viatu vya tairi, akasukuma mbele. "Huyo mzee alituuza. Ile njia alikubali, ng'ombe wawili wakikutana mmoja lazima arudi nyumbani. Hiyo pesa ya tuzo ni yetu."

"Kwani ni pesa? Mimi nasikia ni kibao cha mbao."

"Kibao! Basi apewe, akalie."

"Na nyinyi hamjalipa kusoma," Hassan akawaambia. "Shikeni adabu kidogo. Angalieni, kama si yeye kuanza vita, angewezaje kuisimamisha? Wewe Muriuki, ungeenda kwa wale vijana uwaambie waketi, wangeketi? Wangekukalia."

Walicheka, wakaanza tena. Mtu mmoja akasema ni kama kumpa simba cheti cha kulinda mbuzi. Mwingine akasema afadhali simba aliye na cheti. Ndipo Njoki akapiga sufuria kwa mwiko.

"Nyinyi watu mna kelele! Kwani hamjui mnasimama mbele ya nani?"

Waliokuwa wananijua wakatazama viatu. Wasionijua wakatazama waliojua. Nikamwuliza Bwana Muriuki, "Hilo umelishika, unanunua ama unasoma?" Akalipa haraka, akaenda. Wengine nao wakatawanyika. Hakuna aliyewahi kuniuliza habari za mume wangu, na mimi nilikuwa nimewazoesha hivyo.

Siku ya soko Mzee Parmuat akaja kama kawaida. Alikaa kwenye kreti, akaweka fimbo kati ya magoti. Hassan alikuwa kwa mbuzi. Mzee akanyoosha kidole kwenye picha yake, nakala iliyobaki ambayo nilikuwa nimeiweka chini ya nyingine.

"Nisomee hiyo."

Nikamsomea. Jina la shirika, maneno ya wakubwa, sifa, kisha maneno ya wanaopinga, nayo nikayasoma yote polepole. Hakubadilika uso. Nikafika mahali palipoelezwa asili ya ugomvi. Ua uling'olewa. Ng'ombe walikamatwa. Katika machafuko hayo mtu mmoja alifariki.

Sauti yangu ikasimama hapo. Sikupanga.

"Imeisha?" akauliza.

"Bado."

"Mbona umenyamaza?"

"Mzee, huyu mtu mmoja unamjua?"

Akatazama barabara. Lori la mawe lilipita, tukasubiri vumbi lake lishuke.

"Namjua," akasema. "Ni baba ya Wambui."

"Huyo ni baba yake mtu. Yeye mwenyewe ni nani?"

"Mama, hiyo unaniuliza iko ngumu."

"Uliniuliza jina la ng'ombe aliyemeza simu," nikamwambia. "La mume wangu hujawahi kuliweka mdomoni. Kama hulijui, sema hulijui. Nitakuambia. Si siri."

Akaichora ardhi kwa ncha ya fimbo.

"Nalijua," akasema. "Niliuliza siku ile ile, kabla watu hawajamfunika. Lakini kwetu mtu akienda, jina yake inaachwa ipumzike. Haiitwi. Ukiita, ni kama unamchimbua. Hata baba yangu mwenyewe siwezi kumwita. Sasa mimi, mtu kama mimi, nikae mbele yako niite jina ya bwana yako? Niliona nitakuwa nimekuja kukutukana kwa meza yako. Ndiyo nikanyamaza. Nilikuwa nakupea heshima, mama. Ndiyo heshima nilikuwa nayo."

Miaka yote hiyo.

"Kwetu si hivyo," nikamwambia. "Kwetu jina linapewa mtoto. Wambui ana kijana wa pili, anaitwa Ndirangu. Nikimwita aje kula, nimeita wawili, na wote wanakuja. Jina lisipoitwa, hapo ndipo mtu amezikwa kabisa. Mimi nilidhani umemzika."

Akageuka akanitazama, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

"Kila siku nilikuja hapa," akasema, "nilikuwa nakuumiza?"

"Si kila siku," nikajibu, kwa sababu ndiyo kweli. "Siku ya ng'ombe nilicheka, mpaka jioni."

Aliinuka taratibu. Hakuahidi kitu na mimi sikuomba. Alisema tu nimalize kusoma, nikamaliza, akaaga.

Baada ya siku chache Hassan akaniletea ujumbe kwamba mzee anaomba nifike Kajiado siku ya tuzo. Wambui alikasirika. "Mama, ukienda watasema familia imekubali. Watakupiga picha." Nikamwambia mimi najua picha zinavyopigwa, nimeziuza maisha yangu yote, na kwamba bado sijui kama nimekubali. Nilitaka kusikia atasema nini. Kama angesema mtu mmoja, ningerudi nyumbani nikijua. Nilivaa nguo yangu ya kanisani. Meza nikamwachia Njoki, aliyeuza magazeti yakiwa na alama za mafuta, Mungu ambariki.

Ilikuwa kwenye uwanja wa shule, mahema, viti vya plastiki, vipaza sauti vinavyolia filimbi. Nilikaa safu ya nyuma kati ya watu nisiowajua. Wakubwa walizungumza sana juu ya amani, na kila mmoja alianza kwa kusema atakuwa mfupi. Mzee Parmuat aliitwa mwisho. Alizungumza Kimaa, lugha ya kwao, na mwalimu mmoja alikuwa anafasiri kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi. Alisimulia ukame. Alisema yeye ndiye aliyekuwa mbele. Alisema aling'oa nguzo ya kwanza kwa mikono yake.

Kisha akanyamaza. Mwalimu akasubiri. Mzee akauhamisha mkono kwenye fimbo, na alipofungua kinywa akasema Kiswahili.

"Kuna mtu alikuwa hapo. Gazeti inasema mtu mmoja. Alikuwa anaitwa Ndirangu. Ndirangu wa Gitau. Alikuwa fundi. Hakuwa na shamba. Alikuwa kazini."

Wazee wa kwao waliokaa mbele waliinamisha vichwa kwa pamoja. Mama mmoja aliyevaa shanga akafunika mdomo kwa kiganja. Mzee mwingine akainuka akatoka nje ya hema, hakurudi, na mpaka leo sijui kama alikasirika au alishindwa. Mwalimu alishika kipaza sauti bila kujua afanye nini, maana hakukuwa na la kufasiri. Hakuna aliyepiga makofi.

Mimi nilijikuta nimesimama. Sikuitwa. Nilisimama tu, kama mtu anavyosimama darasani jina la kwao likisomwa. Watu wakageuka kunitazama. Mzee Parmuat aliniona kutoka kule mbele, na akasubiri, na wakubwa wote wakasubiri pamoja naye, mpaka nilipokaa. Ndipo akarudi kwenye Kimaa chake akaendelea. Sikumsikia akisema neno la msamaha, na sitamwekea mdomoni. Nimeandika niliyoyasikia.

Asubuhi yake nilikuwa barabarani kabla ya gari la magazeti. Nilifungua furushi kwa kisu, siku hizo nilikuwa nimeacha kuvuta kamba. Habari ilikuwa ukurasa wa ndani, fupi, na picha ya wakubwa wakishikana mikono. Niliisoma yote. Ilisema tuzo imekabidhiwa. Ilisema katika machafuko ya zamani mtu mmoja alifariki. Nilidhani ningeumia, nikangoja niumie, na haikuwa vile. Kulikuwa na kioja kizuri kando yake, cha bwana harusi aliyekwenda kanisa lisilo lake akaketi mpaka mwisho kwa aibu ya kutoka, nikakiita hicho, na watu wakaja.

Hassan alikuja, Bwana Muriuki akaja, na nyuma yao kijana mmoja nisiyemjua, mfanyakazi wa ofisi kwa viatu vyake. Alisoma akiwa amesimama, kwa adabu, bila kulamba kidole. Kisha akauliza, si mimi hasa, aliuliza meza nzima:

"Shemeji yangu alikuwa Kajiado jana. Anasema mzee alitaja jina la mtu, watu wakanyamaza wote. Ndirangu. Hapa hawajaandika. Huyo Ndirangu alikuwa nani?"

Hassan akafungua kinywa kumnyamazisha. Njoki alikuwa amesimama na unga mikononi. Hata Bwana Muriuki hakuondoka.

"Alikuwa mume wangu," nikasema. "Weka hilo gazeti chini, kaa hapo, nikuambie. Kwanza alikuwa anaimba vibaya sana."

Njoki akacheka kwa sauti, kwa sababu aliwahi kumsikia akiimba.